Aina ya Mti na Mti Wenyewe

Mnunuzi anayefika kwenye viwanja vya mbao vya Makambako huuliza mambo machache: ni paini au mlingoti, umekauka au bado una maji, una vifundo vingi au ni msafi. Akishajibiwa, wanapatana bei na kupakia. Hakuna anayeuliza ubao huu umetoka kwenye mti upi hasa, katika shamba la nani huko Wanging'ombe, na nani aliwahi kukaa kivulini pake. Biashara ya mbao huishia kwenye aina, na ni sawa iwe hivyo, kwa sababu paini moja ikipasuka nyingine itaziba nafasi yake na nyumba haitajua tofauti. Mbele ya madhabahu, kwenye kaburi la chifu au penye tambiko, mambo hugeuka. Huko kinachotakiwa ni mti ule, mmoja, uliokuwapo siku ile. Mwingine wa aina ileile, hata ukiota hatua tatu pembeni, haufai kitu. Nataka kuangalia kinachotokea pale mizani hizi mbili zinapokutana, yaani pale kifaa cha kisasa chenye uwezo wa kutambua aina ya mti bila kuukwangua kinapoelekezwa kwenye kitu cha mbao ambacho watu wanakiheshimu kwa sababu ya mti mmoja tu. Nitadai kwamba kifaa hicho hakiwezi kutoa utakatifu wala kuuondoa, kwamba hata hivyo mwenye imani hana haki ya kukipuuza, na kwamba sifa yake ya kutogusa, ambayo mara nyingi hutajwa kana kwamba inamaliza mjadala, haimalizi lolote.

Mfano mzuri kuliko yote kwa Afrika Mashariki umo Mkunazini, Unguja. Ndani ya Kanisa Kuu la Anglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873 wakati wa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baadaye, mahali palipokuwa soko la watumwa, upo msalaba wa mbao. Waumini na wageni huelezwa kwamba ulichongwa kutokana na mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Livingstone alifariki Mei 1, 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini-mashariki mwa ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiwamo Chuma, Susi na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake chini ya mti, Wainwright akachonga maandishi kwenye gome, kisha wakaubeba mwili kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kwenye Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mti huo watu wa Bangweulu wanauita mpundu. Wanasayansi wanauita Parinari curatellifolia. Vitabu vya miti vya Kiswahili vinauita mbura. Na Ubena na Uhehe unaitwa msaula. Ndiyo, ni msaula huuhuu ulioachwa mashambani Wanging'ombe kwa ajili ya matunda yake wakati miti mingine ya miombo ilipofyekwa kupisha mahindi, na baadaye paini. Majani yake ni ya kijani juu na ya kijivu chini, na tunda lake likiiva hudondoka lenyewe na kuokotwa. Mti wa kawaida kabisa, basi, ambao hapa hakuna anayeupigia magoti, ndio unaodaiwa kuning'inia kanisani Zanzibar ukiwa na uzito wa historia nzima ya kukomeshwa kwa utumwa.

Tuseme msalaba ule upimwe. Swali la kwanza la mtaalamu lingekuwa rahisi na la haki: je, huu ni msaula kweli? Wageni wengi wameuandika mti wa Chitambo kwa jina la mvula, na jina hilo humvuta msomaji wa Kiswahili moja kwa moja kwenye mvule, ambao ni mti mwingine kabisa, wa ukoo mwingine, na ambao mafundi wa pwani wangeupata kwa urahisi kuliko gogo kutoka Bangweulu. Kutofautisha hii miwili si kazi ngumu kwa anayejua pa kutazama. Ubao wa mvule ukikatwa kwa upana wake na kusafishwa, matundu ya mishipa iliyokuwa ikipandisha maji huonekana hata kwa jicho, na kila tundu limezungukwa na tishu nyeupe iliyotanuka pembeni hadi kuungana na ya jirani. Kwenye msaula matundu hukaa moja moja bila kushikana, na kati yake hupita mistari myembamba ya tishu hafifu, mingi na iliyokaribiana. Miale inayotoka moyoni mwa gogo kwenda nje ni ya upana wa seli moja, hata lenzi ya kukuza mara kumi huiona kwa taabu. Fundi aliyewahi kupasua miti yote miwili angeongeza ushahidi wa msumeno. Msaula unamaliza meno kwa sababu seli zake zimejaa chembe za silika, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Mvule nao huweza kuyamaliza, lakini kwa mabonge ya chokaa yanayojificha ndani ya gogo, ambayo mafundi hugonga bila kutarajia. Ni kero moja kwa msumeno, ila chanzo ni tofauti, na tofauti hiyo inaonekana kwenye eksirei.

Zamani kuyaona haya kulidai kukata. Mtaalamu alihitaji vipande vyembamba vya pande tatu za ubao, avilainishe, avitie rangi na kuviweka chini ya hadubini, kisha alinganishe na orodha ya sifa zilizokubaliwa. Orodha ya kimataifa ya mwaka 1989 kwa miti ya majani mapana ina sifa 163. Siku hizi kitu kinaweza kuzungushwa mbele ya mionzi ya eksirei, picha mamia kwa mamia zikachukuliwa kutoka kila upande, na kompyuta ikaujenga upya mwili wote wa mti, ndani na nje, ili mtaalamu aukate kwenye skrini popote apendapo. Huko Japani watafiti wa Kyoto wametumia mionzi yenye nguvu ya kituo cha SPring-8 kusoma mbao za vitu vya kale kutoka kwenye vijipande vidogo mno, ambavyo vilibaki vizima baada ya kusomwa. Kuna pia vifaa vya mwanga usioonekana vinavyosoma kemia ya ubao, na kamera zinazofundishwa kutambua mbao kwa picha. Lakini msomaji asidanganyike na uchawi wa mashine. Kitu chenye upana wa sentimita 40 kikipigwa picha kizima, nukta ndogo inayoweza kuonekana hukaribia sehemu ya tano ya milimita, ilhali mwale wa msaula ni wa kupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Kitu kikiwa kikubwa, maelezo yanapotea. Rangi, moshi na mafuta ya mikono ya miaka mia huficha uso wa ubao kwa kamera. Na hata pale kila kitu kinapoonekana sawasawa, anatomia ya mbao mara nyingi huishia kwenye jenasi. Milima ya Tanzania ina mbura mwingine, Parinari excelsa, ndugu wa karibu mno wa msaula, na kuwatenganisha ndugu hao kwa ubao peke yake ni jambo ambalo mtaalamu mwangalifu angesita kuliapia.

Lipo jambo moja zaidi ambalo sifa za mashine hulifunika. Picha ya ubao haisemi kitu mpaka ilinganishwe na ubao mwingine ambao jina lake linajulikana. Ndiyo maana kuna maktaba za mbao, na kubwa kuliko zote kwa miti ya Afrika iko Tervuren, Ubelgiji, yenye sampuli zipatazo 57,000. (Kwamba kutambua mti wa Afrika kwa uhakika kunapita Ubelgiji ni urithi wa ukoloni ambao sayansi ya mbao inayofundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, bado haijaweza kuufuta.) Sampuli hizo zilipataje majina? Mtu alisimama mbele ya mti ukiwa hai, una majani, maua na matunda, akakata kipande, akabana tawi, akaandika alipokuwa na siku aliyokuwapo, na mara nyingi akamuuliza mwenyeji pale mti unaitwaje. Kwa maneno mengine, chini kabisa ya kipimo kinachoonekana kuwa cha macho matupu kuna mtu aliyekuwapo na neno lake tunaloliamini. Nalitaja hili mapema kwa sababu hoja yangu inalitegemea.

Tuendelee kudhani. Msalaba umepimwa na jibu limekuja: ni msaula, au angalau ni wa jenasi ya msaula. Je, imethibitika kwamba ulitoka Chitambo? Hapana hata kidogo. Msaula huota kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini. Gogo lililokatwa bondeni Wanging'ombe juzi lingefaulu mtihani huohuo kwa alama zilezile. Jibu la kipimo likiwa ni la kukataa lina nguvu kubwa: ukikuta mvule, dai la Chitambo limevunjika. Likiwa la kukubali ni dhaifu: limeondoa kikwazo kimoja na kuacha dai pale lilipokuwa. Hii si kasoro ya mashine itakayorekebishwa na mashine ya mwaka ujao. Aina ni kile ambacho miti mingi inashiriki, na anayeheshimu masalia hasemi habari za kile ambacho miti mingi inashiriki. Anasema habari za mmoja usiorudiwa.

Waislamu wana mfano ulio wazi kuliko huu. Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628 Miladia, Masahaba walimpa Mtume kiapo cha utii chini ya mti huko Hudaibiya, na Kurani ikautaja mti huo katika sura ya Al-Fat-h. Aina yake ilijulikana: imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba ulikuwa msamura, yaani mgunga wa jangwani. Lakini imepokewa pia kutoka kwa mmoja wa waliokuwapo, baba yake Said bin al-Musayyab, kwamba waliporudi mwaka uliofuata hawakuweza tena kuujua ni upi. Walikuwa na ujuzi wote ambao kipimo chetu kingewapa, na ujuzi huo haukuwasaidia kuupata mti. Mapokezi mengine yanasema kwamba baadaye Umar bin al-Khattab aliamuru mti ambao watu walidhani ndio huo ukatwe, kwa kuchelea wasije wakauabudu. Mtu anaweza kuusoma uamuzi huo kwa namna nyingi. Mimi naona ndani yake hukumu kali dhidi ya heshima inayojengwa juu ya mti wa kubahatisha.

Wahehe, majirani zetu wa kaskazini, mfano wao si wa mti bali wa mfupa, na mantiki ni ileile. Fuvu la Chifu Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 badala ya kukubali kukamatwa na Wajerumani, lilidaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta miongoni mwa mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen, na kigezo kikuu kilikuwa uwiano wa upana na urefu wa kichwa uliolingana na wa wazao wa ukoo huo. Juni 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, na hadi leo limewekwa Kalenga. Uwiano wa kichwa ni sifa ya wengi. Uliweza kuyaondoa mafuvu mengi mezani, lakini haukuweza peke yake kulitaja moja kwa jina. Kilicholifanya lile lililobaki kuwa la Mkwawa kwa Wahehe ni kwamba ukoo ulilipokea na kukiri kwamba ndilo. Anayeona udhaifu hapo anaona sawa. Anayeona udanganyifu amekosea, kwa maana hakuna aliyekuwa na kipimo kingine cha kumfikisha mbali zaidi.

Mwanasayansi makini atanikatiza hapa. Atasema nimechagua vipimo dhaifu ili nishinde kwa urahisi. Isotopu za strontiamu zinaweza kueleza mti uliota kwenye udongo wa wapi. Vinasaba vinaweza kutenganisha msaula wa Zambia na wa Njombe. Na pete za ukuaji zimewahi kufanya zaidi ya hapo: wachunguzi wa picha za kale za Ulaya wameonyesha kwamba mbao za picha mbili tofauti zilipasuliwa kutoka mwaloni mmoja, uleule, si wa aina moja tu. Basi, kwa kuwa kipande cha Chitambo kilipelekwa London, kwa nini visilinganishwe hivyo viwili? Nakubali kwamba pingamizi hili linanifinya. Ningeweza kujibu kwamba isotopu na vinasaba bado hudai kuchukua kipande, na kwamba pete za miti ya nchi zetu za joto mara nyingi hazisomeki kama za mwaloni wa Ulaya, lakini hayo ni majibu ya muda. Tukubali yote yamewezekana, na imethibitika kwamba msalaba wa Mkunazini na gogo la London vilikuwa mwili mmoja. Tumefika kwenye mti wenyewe. Tumefika kwenye kinachoheshimiwa? Bado, kwa sababu mti hauheshimiwi kwa kuwa mti. Unaheshimiwa kwa jambo lililotendeka chini yake Mei 1873, na jambo hilo halimo kwenye seli zake. Moyo uliozikwa kwenye mizizi hauandiki chochote kwenye pete. Tunajua kuhusu mazishi yale kwa sababu Chuma, Susi na Wainwright walisema, nasi tukawaamini, watu ambao baadhi yao walikuwa wameokolewa utumwani na ambao Ulaya ya siku zile haikuwa na mazoea ya kuwaamini. Kipimo kikisonga mbele kadiri kinavyoweza, mwisho wa njia kinamkuta shahidi ameketi anasubiri.

Sasa pingamizi la upande wa pili, la mwenye imani. Atasema: kama kipimo hakiwezi kuthibitisha kitu, na kinaweza kuvunja, cha nini basi? Waacheni mahujaji na msalaba wao. Hata ukiwa mvule, watu wamesali mbele yake kwa zaidi ya karne, na sala hazifutiki. Hoja hii inapendwa na watu wapole, lakini ina sumu. Ikiwa jibu lolote la kipimo linaacha kila kitu kama kilivyokuwa, basi waliosema kwamba msalaba ulitoka Chitambo hawakuwa wakisema kitu. Walikuwa wakitoa sauti ya kupendeza tu. Dai la kihistoria lisiloweza kukosea si dai. Anayemwambia mgeni kwamba mti huu ulikuwa pale ameingia deni la ukweli, na deni hilo halilipwi kwa kutaja wingi wa sala. Tofauti ambayo Wakristo wenyewe waliichora zamani inasaidia zaidi. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa sanamu hupita na kumwendea yule anayewakilishwa nayo. Kwa mafundisho hayo msalaba wa mvule hubaki msalaba kamili, kwa kuwa anayewakilishwa hakufia Chitambo. Kinachoanguka ni sifa yake ya kuwa masalia ya Livingstone. Hivyo ni vitu viwili, na hofu huvichanganya.

Maandiko nayo hayakubali kwamba ubao ubebe utakatifu mgongoni mwake. Katika sura ya 44 ya Isaya nabii anamcheka fundi anayekata mti, nusu akaotea moto na kuokea mkate, nusu akaifanya mungu. Na anataja miti kwa aina zake, mwerezi na mingineyo, kana kwamba anataka ieleweke kuwa aina bora haiokoi kitu. Wakati huohuo katika Kutoka sura ya 25 Mungu anaagiza sanduku la agano litengenezwe kwa mti wa mshita. Hakuna mgongano. Kule aina imeagizwa, na kutii agizo ni ibada. Mshita hauna uungu zaidi ya mninga. Mahali pa namna hii ndipo kipimo cha aina kinapokuwa na neno zito kuliko kwenye masalia. Japani inaonyesha hivyo kwa uzuri. Sanamu nyingi za Buddha za karne ya 8 na ya 9 zilidhaniwa kuwa za mti wa hinoki, hadi hadubini ilipoonyesha kwamba nyingi ni za kaya. Wanahistoria wakarudi kwenye vitabu vya dini na kukuta ufafanuzi wa Kichina unaotaka sanamu ya Kannon, mtakatifu wa Kibuddha, ichongwe kwa msandali, na pale msandali usipopatikana utumike mti mwingine uliotajwa. Inaelekea wachongaji wa Japani waliuona kaya kuwa ndio huo. Uchaguzi uliodhaniwa kuwa wa kifundi ukagundulika kuwa wa utii. Hapo sayansi haikumvua mtu imani. Ilieleza imani ambayo wenyewe walikuwa wameisahau, na sioni kwa nini muumini aikimbie zawadi ya namna hiyo.

Limebaki suala la kugusa. Mantiki ya maabara huenda hivi: madhara ni kovu, njia hii haiachi kovu, kwa hiyo njia hii haina madhara, na pasipo madhara hapahitajiki ruhusa. Hatua ya kwanza ndiyo mbovu. Daktari anayempiga mtu eksirei hamkati ngozi, lakini hampigi bila ridhaa yake, na picha akiipeleka sokoni atakuwa amemkosea ijapokuwa hakuna mfupa uliovunjika. Wabena hawahitaji kufundishwa hili. Msitu wa Nyumbanitu, karibu na Makambako, ambao Wabena wanauhusisha na asili yao na ambao mapango yake yalikuwa kimbilio wakati wa vita, hauingiwi hivihivi. Mgeni huombewa kwanza na watunzaji, hata kama hakuja na panga wala nia ya kuchuma jani. Anakuja kuona tu. Kwa mila hiyo kuona ni tendo, na kujua ni kuingia. Mtu wa maabara anaweza kuiita desturi ya kale. Nadhani desturi hiyo imeelewa jambo ambalo maneno "bila kugusa" yanalificha: kitu kitakatifu kilichofungwa kwa rangi, kitambaa au moshi kimefungwa kwa makusudi, na mionzi inayopita ndani ya kifungo imekifungua.

Nilisema hoja ya shahidi ingehitajika, na hapa ndipo inapofanya kazi. Ruhusa hudhaniwa kuwa adabu inayoongezwa juu ya sayansi iliyokamilika. Kama niliyoyasema ni kweli, ruhusa ni sehemu ya njia yenyewe. Kipimo kinatoa aina. Mti wenyewe na jambo lililotendeka vinatoka kwa watu wenye kumbukumbu. Anayepima bila kuwauliza amejinyima nusu ya jibu, na ile nusu aliyoipata haijui inahusu nini. Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin ina vitu vipatavyo 10,000 vilivyotoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania, vingi vikiwa vimechukuliwa wakati wa utawala wa Kijerumani, vita vya Majimaji vikiwamo. Ubena haukuwa pembeni ya vita hivyo: misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa mwaka 1905, na adhabu iliyofuata iliacha njaa na vijiji vitupu. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea, na tangu hapo mazungumzo ya kurudisha vitu yamechangamka. Katika mazungumzo hayo kuna kishawishi cha kuanza na mashine: tuvipige picha vyote kwanza, tujue mbao zake, kisha tutajua vya nani. Kwa mti unaoota sehemu finyu kishawishi hicho kina faida, maana aina inaweza kutaja wilaya. Kwa msaula, mninga au mpingo, inayoota robo ya bara, aina itataja karibu kila mtu, na anayetajwa pamoja na kila mtu hajatajwa.

Mlutheri wa Ilembula au Kidugala anaweza kusema kwamba haya hayamhusu. Luther aliyadhihaki masalia, na kanisa lake halina kipande cha mti wa mtu yeyote. Lakini babu zake walikuwa na vigoda, fimbo na vibuyu vyenye vizibo vya mti vilivyokuwa na kazi ya kidini kabla Wamisioni wa Berlin hawajaingia Ubena miaka ya 1890. Huenda yeye ndiye mtu wa mwisho aliyesikia kutoka kwa bibi yake fimbo ya namna fulani ilikatwa wapi na kwa nini haikukatwa kwa mti mwingine. Ubatizo haukumwondolea ushahidi huo, na hakuna eksirei itakayoupata kwa niaba yake. Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea ni wa kinyume: daftari la mkusanyaji lisomwe kwanza, picha ya kawaida ya kitu iende vijijini, wazee waulizwe ni nini na kama kinaweza kutazamwa ndani, kisha mashine iwashwe kujibu swali lililotoka kwao, na faili ya picha za ndani iwe mali yao kama kitu chenyewe.

Na wakikataa? Hapo watetezi wengi wa ruhusa hulegea na kuanza kuzungumzia elimu kwa umma. Wakikataa, kitu kisipimwe. Najua kinachopotea: pengine jina la mti ambao haupo tena katika miinuko yetu iliyojaa paini na miwati, pengine uthibitisho kwamba fimbo fulani haikutoka Ubena kabisa. Ni hasara halisi, na sitaki kuipunguza kwa kudai kwamba maarifa ya aina si maarifa. Lakini hasara hiyo hailingani na ile ya kupima bila ridhaa. Kitu kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kusubiri miaka thelathini, mashine ikazidi kuwa bora, na wajukuu wa waliokataa wakakubali kwa sababu zao wenyewe. Picha ya ndani ikishachukuliwa na kusambazwa, hakuna mzee wala mjukuu atakayeweza kuifunga tena.